Ombi Limepokelewa

Itangazwe katika mabweni yote, jikoni, bafuni na kwenye foleni ya maji kwamba Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho, sayansi ya dunia ilipiga hatua kubwa kuliko zote tangu binadamu ajifunze kuvaa viatu. Hatua yenyewe ilipigwa na msichana wa darasa la saba aliyekuwa amevaa kiatu kimoja tu, kwa kuwa cha pili wenzake walikuwa wamekificha juu ya kabati, na yeye hakukifikia hata aliposimama juu ya ndoo.

Msichana huyo aliitwa Waziri. Jina hilo si la kwenye cheti. Alilipata kwa sababu alikuwa na tabia ya kuanza kila kauli kwa neno "waheshimiwa", hata pale alipotaka tu kupitishiwa chumvi. Wenzake walimcheka, na yeye alipenda kuchekwa, mradi wacheke pale alipotaka yeye.

Shule ilikuwa ya bweni, na zahanati yake ilijengwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kuumwa: ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, mwisho kabisa, nyuma ya matangi ya maji. Zamani mtoto akiugua bwenini, mwenzake alitumwa mbio kwenda kumwita Nesi, na aliyetumwa mara nyingi alipitia jikoni kwanza. Ndipo Mwalimu wa Kompyuta na watoto wa klabu yake wakaweka kompyuta kuukuu karibu na mlango wa kila bweni. Mgonjwa alichagua jina lake kwenye ukurasa, akabonyeza kitufe chekundu kilichoandikwa "Naumwa", na ombi lake likasafiri kwenye waya hadi kwenye seva, yaani ile mashine kubwa iliyokaa pembeni mwa chumba cha kompyuta ikinguruma kama friji. Huko zahanati, mezani kwa Nesi, kulikuwa na skrini nyingine. Kivinjari cha skrini hiyo kiliiuliza seva tena na tena, kutwa nzima: kuna mgonjwa? Seva ikijibu kwamba yupo, jina lake lilitokea.

Kulikuwa na tatizo. Kila kivinjari kilipouliza, ukurasa mzima ulifutika na kuchorwa upya, ukapepesa, ukapepesa, mpaka Nesi akasema kichwa kinamgonga, akaigeuza skrini ielekee ukutani. Hapo ndipo Waziri, kwa kiatu kimoja, alipoandika mistari michache iliyokifanya kivinjari kiulize kimyakimya, chini kwa chini. Ukurasa ukatulia kama picha iliyotundikwa. Kilichobadilika ni jina tu.

"Yaani," Nesi aliuliza, akiisogelea skrini kama mtu anayenusa maziwa ya jana, "sasa hivi inauliza na mimi sioni?"

"Inanong'ona, mheshimiwa Nesi."

"Mimi si mheshimiwa. Na kiatu chako kingine kiko wapi?"

Mwalimu wa Kompyuta alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezungumza na mashine kwa adabu kuliko watu wengine wanavyozungumza na wakwe zao. Siku hiyo alimpa Waziri ruhusa ya kuandika ndani ya seva yenyewe, heshima ambayo hakuwahi kumpa mtoto mwingine.

"Mwalimu," Kijiko akadakia, "seva inajuaje kwamba aliyebonyeza ni mimi?"

Kijiko alikuwa rafiki mkubwa wa Waziri, mwili mwembamba, kichwa kikubwa, ndiyo maana ya jina. Hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali ya maana. Hili lilimponyoka.

"Haijui," Mwalimu alisema. "Fikiria mpishi nyuma ya dirisha la jikoni. Anaiona sahani, hamwoni aliyeishika. Ombi likifika na jina lako, seva inaamini ni wewe. Muhula ujao tutampa kila mtu namba yake ya siri. Kwa sasa tunaaminiana."

Kijiko alimtupia Waziri jicho na kuona mdomo wa rafiki yake umejikunja upande mmoja, dalili mbaya kabisa.

Sasa, katika bweni lao kulikuwa na msichana mwenye pumu. Kifua chake kikibana kilitoa sauti nyembamba, ya juu, na watoto wa bweni lile, ambao huruma yao yote ingetosha kwenye kifuniko cha kalamu, wakamwita Filimbi hapo hapo. Akiomba ndoo, alijibiwa kwa mluzi. Akisimama kujibu swali darasani, mluzi ulitoka dawati la nyuma. Jina lake halisi lilibaki kwenye vitabu vya shule na ndani ya seva. Nje ya hapo hakuna aliyelitumia, na yeye mwenyewe alikwisha kuzoea kugeuka akisikia mluzi.

Dawa yake ya kuvuta ilikaa zahanati, kama dawa za watoto wote, maana ndiyo iliyokuwa sheria. Kwa hiyo Nesi alikuwa na mwendo wa aina tatu. Mwenye tumbo alimwendea kwa kutembea. Mwenye jino alimwendea kwa kutembea polepole zaidi. Lakini skrini ikionyesha jina la Filimbi, Nesi alikimbia: mkoba kwapani, kofia mkononi, viatu vya mpira vikipiga pwata pwata kwenye nyasi, na mwili wake, ambao haukuumbwa kwa mbio, ukiyumba kama kabati linalohamishwa.

Dirisha la chumba cha kompyuta lilitazama uwanjani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Waheshimiwa," Waziri alitangaza siku ya Alhamisi, mbele ya Kijiko peke yake, "serikali inawaletea riadha."

Hakwenda bwenini, na hakuhitaji kwenda. Aliliandika ombi kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, vile vile ambavyo kompyuta ya bweni ingeliandika: bweni lile, jina lile, naumwa. Akalituma. Seva ikalipokea bila swali. Punde mlango wa zahanati ukafunguka kwa kishindo na Nesi akachomoka.

Kijiko alijitupa sakafuni kwa kicheko. "Tazama kofia! Jamani kofia! Nakufa!"

"Usife sasa," Waziri alisema kwa sauti ya mazishi. "Nesi ana shughuli."

Bwenini Nesi alimkuta Filimbi amekaa kitandani anashona kifungo.

"Kaa wima, mwanangu. Fungua kinywa."

"Sijakuita, Nesi."

"Jina lako limetokea."

"Sijabonyeza. Kweli kabisa, sijabonyeza."

Mara ya kwanza Nesi alidhani ni bahati mbaya, akampapasa mgongo na kurudi zake. Lakini riadha ikarudiwa, kisha ikarudiwa tena. Mara moja mvua ilikuwa inanyesha na Nesi akateleza katikati ya uwanja, akaketi kwenye matope miguu imenyooka mbele kama mwanasesere. Kijiko alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Waziri hakucheka kwa sauti. Alisimama dirishani, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride.

Siku hiyo ya matope Nesi aliingia bwenini na hasira zake zote.

"Nina miaka hamsini, na magoti yangu yana sabini," alisema mbele ya watoto wote. "Unanichezea, binti?"

"Si mimi, Nesi."

"Jina ni la nani?"

"Ni langu, lakini—"

"Kama si wewe uliyebonyeza, basi ni nani? Jini?"

Bweni zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo maisha ya Filimbi yakawa kama ya mbwa asiye na mwenyewe. Walimwekea filimbi ya plastiki juu ya mto. Walipanga foleni nyuma yake wakishika vifua na kuanguka mmoja mmoja wakilia "Naumwa! Naumwa!" Kitanda chake kilihamishiwa kando ya mlango wa choo, kwa uamuzi uliosomwa na Waziri kwa sauti nzito, huku Kijiko akimshikia kibao cha kuandikia. Mkuu wa Shule naye akamwita ofisini na kumwambia kwa ufupi: wito mmoja zaidi wa uongo, na atarudishwa kwa mama yake, na nafasi yake atapewa mwingine. Filimbi hakulia. Alikuwa amejifunza zamani kwamba kulia hufunga kifua.

Jioni moja alimfuata Waziri kwenye mabomba ya kufulia.

"Waziri, wewe unaijua ile mashine," alisema, akiusokota mkono wa sweta lake. "Waambie kwamba si mimi. Wewe watakusikiliza."

Waziri alikuwa na sabuni mkononi. Aliiweka kando, akamgeukia. Kisha akamwona Kijiko anamtazama, macho yamemtoka, anangoja burudani.

"Mheshimiwa," akasema, "mashine haisemi uongo."

Halafu akapiga mluzi, mrefu, mzuri, wenye kupanda na kushuka. Filimbi aliokota ndoo yake na kuondoka.

Keshokutwa yake Mwalimu wa Kompyuta alimwita Waziri pembeni. Nesi alikuwa amelalamika. Mwalimu hakupenda kumzuia mtoto mgonjwa, lakini hakutaka pia Nesi avunjike mguu.

"Maombi ya yule mtoto yapite kwanza kwa Matroni," alisema. "Matroni yuko hapo hapo bwenini, atamwona kwa macho. Akithibitisha, Nesi anapelekewa. Lakini yasipotee, mama, unanielewa? Yasubiri tu. Yasipotee."

"Nimeelewa, Mwalimu. Nitafanya leo."

Kuyapeleka maombi kwa Matroni kulikuwa na kazi: ukurasa mpya, jibu jipya, na kumfundisha Matroni pa kubonyeza, kazi ambayo peke yake ilitaka muhula mzima. Kengele ya chakula ilikaribia, na tumbo la Waziri lilikwisha kuanza kutoa hoja. Akaandika mstari mmoja tu. Mstari ulisema hivi: ombi likija na jina hili, litupe, kisha umjibu aliyelituma kama kawaida. Na jibu la kawaida, la maandishi ya kijani, Waziri ndiye aliyelitunga tangu siku za mwanzo, akasifiwa kwa upole wake: "Ombi limepokelewa. Tulia, Nesi anakuja."

Akajaribu. Maandishi ya kijani yakatokea. Mlango wa zahanati haukutikisika. Akacheka kidogo, safari hii bila hata Kijiko kuwepo.

"Umemaliza?" Mwalimu alimwuliza mlangoni, mikono imejaa madaftari ya kusahihisha.

"Nimemaliza, Mwalimu."

Mwalimu akamshukuru, na hakukagua.

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi mkubwa. Magodoro yote hutolewa nje na kupigwa kwa fimbo mpaka vumbi la mwezi mzima litoke. Matroni alikuwa ameenda sokoni, na Waziri akasimama kwenye ngazi ya bweni kugawa kazi, kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe.

"Kijiko, madirisha. Ninyi wawili, sakafu. Filimbi, magodoro."

"Waziri, vumbi lile," msichana mmoja akasema kwa sauti ya chini.

"Waheshimiwa, pumu ya kwenye kompyuta haiogopi vumbi."

Wakacheka. Filimbi alifungua kinywa, akakifunga. Kukataa kazi kulimaanisha kutaja kifua chake, na kutaja kifua chake kulimaanisha ofisi ya Mkuu. Akachukua fimbo. Alipiga godoro la kwanza, la pili, akageuza uso upande na kuendelea. Watoto waliokuwa wakipita na ndoo walimpigia mluzi, yeye akapiga godoro.

Baadaye Waziri aliingia bwenini kuchukua ufagio. Mchana ulikuwa mkali nje, na kwa muda hakuona vizuri ndani. Kwanza alisikia. Haikuwa sauti ile waliyozoea kuiigiza. Ile ya kuigiza ilikuwa na hewa ndani yake.

Filimbi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya mlangoni, viganja vimekandamiza meza, mabega yakipanda juu na kukataa kushuka. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwona Waziri, akainua kidole kimoja na kuielekeza skrini, kama anayemtuliza mwenzake asiogope.

"A... na... kuja," alisema.

Kwenye skrini maandishi yalikuwa ya kijani kibichi, yametulia. *Ombi limepokelewa. Tulia, Nesi anakuja.* Filimbi akabonyeza tena, na maandishi yakajibu vile vile, kwa upole ule ule. Naye akatulia. Alitulia kweli, akautazama mlango, akangoja.

Waziri alimtazama akingoja. Duniani kote ni yeye tu aliyejua kwamba hakuna anayekuja.

Alikimbia. Uwanja ule ambao alikuwa akiutazama kutoka dirishani kama jukwaa la mchezo ulikuwa mrefu kuliko alivyowahi kufikiri, na nyasi zake zilikuwa na mashimo. Kandambili moja ilimvuka. Alifika zahanati akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nesi! Filimbi! Hapumui!"

Nesi alikuwa anakunja bandeji. Hakuinuka. Kwanza aliitazama skrini yake. Ilikuwa imetulia kama picha iliyotundikwa.

"Hapa hakuna mgonjwa," alisema.

"Skrini ina hitilafu, Nesi."

"Asubuhi imenitajia mwenye jipu, haikuwa na hitilafu. Safari hii amekutuma wewe? Mwambie magoti yangu yamestaafu."

"Midomo imebadilika rangi! Nesi, twende!"

"Siku ile pia niliambiwa anaumwa. Nikamkuta anashona kifungo." Nesi akachukua bandeji nyingine. "Sikimbii tena, binti. Nimeanguka kwenye matope mbele ya watoto wa watu. Sikimbii."

Waziri alikuwa na hotuba ya kila jambo: ya kufungua mkutano, ya kufunga mkutano, ya kumzika panya. Kwa jambo hili hakuwa nayo. Aliiona dawa ya kuvuta kwenye rafu, nyuma ya kioo, ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo kiunoni mwa Nesi. Aliona pia kwamba kilichomzuia Nesi kuinuka hapo alipokaa ni kitu kimoja tu, na kitu hicho alikiweka yeye.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekuwa nakuita. Siku zote zile. Nilikuwa naandika jina lake kutoka chumba cha kompyuta, halafu nakaa dirishani nakutazama unakimbia. Na siku ya matope nilikuwepo. Siku hizo yeye hakubonyeza, Nesi, hata mara moja. Leo ndiyo kabonyeza."

Bandeji ilimtoka Nesi mkononi, ikabingirika sakafuni ikijikunjua mpaka ukutani. Alimtazama Waziri kwa muda usiotosha hata kupepesa, kisha ufunguo ukawa kwenye kabati, dawa mkononi, na Nesi akawa nje.

Alikimbia kama zamani, kofia mkononi, viatu vikipiga pwata pwata. Waziri alikuwa nyuma yake na hakumpata. Kijiko, aliyekuwa juu ya stuli akisugua dirisha la bweni, aliwaona wanakuja, akapiga kelele kwa furaha, "Riadha! Waheshimiwa, ri—" Kisha akauona uso wa rafiki yake, na kitambaa kikamwanguka.

Filimbi alikuwa ameteleza kutoka kitini hadi sakafuni. Mgongo wake uliegemea mguu wa meza, na macho yalikuwa bado mlangoni. Nesi alipiga magoti yake ya sabini kwenye saruji bila kuyaonea huruma, akaitikisa dawa, akamwekea kinywani. "Vuta, mwanangu. Polepole. Nimefika. Vuta tena. Hivyo hivyo." Watoto walijazana mlangoni, ndoo na fagio mikononi. Hakuna aliyepiga mluzi. Gari la shule likaletwa mpaka kwenye ngazi, na Nesi akapanda nyuma amemkumbatia Filimbi kama mtoto mchanga, wakaenda hospitali.

Filimbi hakufa. Wenye kupenda hadithi za vilio wapumzike. Lakini daktari alimwambia Nesi kwamba kama wangechelewa kidogo tu, mazungumzo yangekuwa mengine, na Nesi alilirudisha neno hilo shuleni na kulisema mbele ya wanafunzi wote, polepole, bila kumtaja mtu. Aliyepaswa kutajwa alikwisha kutajwa na Mkuu wa Shule. Waziri aliondolewa klabuni, akapewa wiki mbili za kukaa nyumbani, na kabla ya kuondoka aliamriwa kwenda hospitali kuomba radhi. Kijiko alipewa vyoo vya mabweni yote, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kuchekesha.

Wodi ilinukia dawa ya kupigia deki. Filimbi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, bomba jembamba la hewa puani. Mama yake alikaa upande mmoja wa kitanda, mwanamke mfupi aliyevaa koti la kazi la kiwandani, maana alitoka zamu na hakurudi nyumbani kwanza. Nesi alikuwa upande wa pili. Mwalimu wa Kompyuta alisimama miguuni, miwani mkononi.

"Shikamoo, mama," Waziri alisema.

Mama Filimbi hakuitikia.

Mwalimu alikuwa anaeleza. Kila mtoto sasa alikuwa na namba yake ya siri, na seva haikupokea tena jina lisilo na namba. Na maandishi ya kijani hayakutokea mpaka Nesi mwenyewe, kwa kidole chake, abonyeze kwamba anakuja. Nesi alikitikisa kichwa kukubali. Alikwisha kujaribu, ilifanya kazi.

"Vizuri," mama alisema. "Na siku ile je? Mwanangu alibonyeza. Akajibiwa. Nilikuletea mtoto, Mwalimu, mashine yako ikamwambia atulie ili afe vizuri."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mashine ilisema ilichoandikiwa kusema. Mimi nilipaswa kukagua, sikukagua. Nimemwambia Mkuu hivyo. Ameniondoa kwenye chumba cha kompyuta mpaka baraza la shule likae." Aligeuza uso akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na ukuta tu. "Mstari wenyewe nimekwisha kuusoma. Aliyeuandika anajijua. Sitamsemea."

Waziri alijua kwamba Mwalimu anajua. Alijua pia kwamba wengine hawajui: Nesi alikuwa bado na ile habari ya hitilafu, na mama alikuwa anamtazama Mwalimu kwa macho ya kumchoma.

"Wewe nisikilize," Nesi alimwambia Waziri, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya uchovu. "Ukinidanganya usoni, nitakutazama macho nijue. Mashine haina macho. Inaubeba uongo wako kama inavyobeba ukweli, kwa mbio zile zile, kwa rangi ile ile, na mimi huku mwisho siwezi kutofautisha. Kwa hiyo mtoto anayejua kuiandikia mashine lazima awe mkweli kuliko sisi wengine. Ujanja unao. Hatukuwa na shida na ujanja wako."

"Ndiyo, Nesi."

"Haya. Sema ulichokuja kusema."

Waziri alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika usiku kucha, kwa maneno makubwa. Akakohoa.

"Mama, Nesi, Mwalimu, na wewe mgonjwa, kwa masikitiko makubwa na kwa unyenyekevu usio na kifani, nachukua nafasi hii adhimu—"

"Acha hotuba," Filimbi alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruzika, lakini karatasi ilishuka.

"Nijibu kitu kimoja. Nilikaa pale muda mrefu. Nilibonyeza, nikabonyeza, kila mara likasema limepokelewa." Alinyamaza kuvuta hewa, na wote wakangoja. "Lilikwenda wapi?"

Waziri alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa bado anautazama ukuta.

"Labda seva—" akaanza. Akaacha. Filimbi alikuwa anamtazama kama alivyoutazama ule mlango, akingoja.

"Halikwenda popote," Waziri alisema. "Nililitupa. Mwalimu aliniambia yasipotee, mimi nikaandika yatupwe, halafu ujibiwe kwamba Nesi anakuja. Haikuwa hitilafu. Nilijua nilipoandika. Nilicheka."

Mama yake Filimbi alisimama, kisha akakaa tena, kana kwamba hakujua amesimama kwa nini. Mwalimu alivaa miwani yake. Nesi alifumba macho.

"Sema tena," Filimbi alisema. "Mama hajasikia."

Mama alikuwa amesikia vizuri sana. Waziri akasema tena.